Jicho Refu la Papa Mafara

Kamba ilimukamata Polycarpe ku kifua, chukudu yake, ile baisikeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikaendelea yenyewe.

Ilikuwa saa ine ya asubuhi, ku kona ya mikaratusi, chini ya Kirolirwe. Watu wa bunduki walikuwa wamefunga bariyeri pale tangu juma mbili: kamba moja, ncha moja imefungwa ku muti, ncha ingine mu mukono wa mulinzi anayesimama kushoto kwa barabara. Ukifika, mulinzi ananyanyua mukono. Unasimama, unatoa kofia, unatoa hata lineti ya macho kama unavaa, wapate kuona uso wako muzima. Kiisha kamba inashuka, unapita. Kila mutu wa chukudu alijua ile sheria. Polycarpe alikuwa ameisha kupita pale mara sita.

Siku ile alikuwa anateremuka na mifuko ine ya viazi, goti moja juu ya mbao, muguu ingine ikikanyaga kipande cha pneu, mupira wa gari, chenye kufanya breki. Mulinzi alinyanyua mukono. Akanyanyua tena. Akapiga firimbi. Polycarpe aliisikia, lakini alikuwa anaangalia mbele, na mbele barabara ilikuwa wazi. Mulinzi akakaza kamba.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwa miguu, na beseni ya karoti ku kichwa. Nilimuona akirushwa nyuma kama nguo yenye upepo umetoa ku kamba. Chukudu iligonga ukingo, mifuko ikapasuka, viazi vikateremuka kilima vyote pamoja.

“Unakataa kusimama! Unajiona nani, weye?”

“Chefu, sikukuona.”

“Haukuniona? Niko mutu muzima, niko na bunduki, nimevaa koti ya mvua ya manjano. Haukuniona? Na ile vitako vya chupa mu macho ni ya nini? Ya kupikia?”

“Pengine alikuwa anaangalia kama mvua itanyesha,” mwenzake alisema. Wakacheka, na wakicheka vile walianza kumupiga. Kitako cha bunduki kiliingia ku bega, kiisha ku mbavu, kiisha juu ya sikio. Mumoja alichukua shoka akapasua chukudu, ile mbao ya muti wa mumba yenye alikuwa amechonga kwa miezi mbili. Polycarpe hakulilia chukudu. Alikuwa anapapasa mu matope akitafuta lineti. Kila mukono ukikaribia, buti inaukanyaga.

“Sikukuona,” alikuwa anarudilia. “Sikukuona, chefu, Mungu ni shahidi.”

Alikuwa anasema kweli. Hakuna mutu aliyemuamini, hata mimi.

Polycarpe ni mudogo wa papa yangu. Ninakaa kwake na bibi yake wa ndoa, Mukamurenzi, tangu siku papa yangu alikatwa na panga ku shamba, akafa. Hawana mutoto, kwa hiyo niko mutoto wao. Mimi nilifika mwaka wa ine wa shule tu. Yeye alifika wa tatu, na aliachishwa na fimbo. Hakuwa anaona kitu ku ubao. Mwalimu akiandika, yeye anaona ukungu mweupe juu ya ukungu mweusi. Mwalimu, jina lake Théogène, alifikiri ni kiburi. Alimupiga ku mikono, kiisha ku miguu, kiisha siku moja ku mugongo mpaka fimbo ikavunjika, akatuma mutoto mwengine kukata ingine. Polycarpe hakurudi tena.

Akiwa na miaka kumi na ine, watu wa misioni walimupima macho wakamupatia lineti ya kwanza, nzito sana. Anapenda kueleza ile siku. Anasema hakukimbilia kuangalia milima. Alienda ku shule, akasimama ku mulango, akamuangalia Mwalimu Théogène kwa mara ya kwanza. “Kumbe ni kamutu kafupi!” anasema. “Miaka tatu ninaogopa simba, kumbe ni mbuzi na tai ku shingo!”

Tangu pale watu walimuita Mafara, ni kusema taa za gari. Alipokuwa mukubwa alishika chukudu. Kwa miaka kumi na mbili aliteremusha viazi, karoti na makala ya kupikia mpaka Sake, na hakuanguka. Wenzake walikuwa wanasema, “Mumupishe Mafara, yeye njo iko na taa.”

Kiisha alianza kugonga vitu.

Kwanza mbuzi. Kiisha beseni ya mama mumoja, unga wote ukamwangika. Kiisha bega la mutu, kila mara upande wa kushoto. Mama wa unga alimupiga kofi katikati ya soko. Mwenye mbuzi alimufuata na panga mpaka ku lupango ya nyumba yetu. Jean-Luc, jirani yetu na mwenzake wa chukudu, ndiye alisimama katikati yao. Yeye njo alikatwa kidole juu ya ile maneno. Watu wakasema Mafara anakunywa. Hakuwa anakunywa. Mukamurenzi alimunusa kila jioni bila kumuambia.

Yeye mwenyewe alisema, “Ni lineti. Imepunguka nguvu.”

Na hapo njo tulipotea. Kule kwetu mutu wa lineti akianza kugonga vitu, dawa ni moja: aongeze namba ya lineti. Katembo, mutu wa Butembo mwenye duka kule Sake, alikuwa na sanduku ya lineti zilizotumika, katikati ya misumari na sabuni. Alimuvalisha moja, akamupatia karatasi ya sabuni.

“Soma, Papa Mafara.”

Polycarpe alisoma yote, hata maandishi madogo kama mayai ya chawa.

“Macho yako mazima kunipita miye,” Katembo alisema. “Kwenda na Mungu.”

Alibadilisha lineti mara tatu kwa miaka mbili. Kila mara alisoma karatasi yote. Na kila mara alirudi kugonga vitu kwa kushoto.

Siku ya kamba tulimubeba mpaka ku hospitali ndogo, damu ikitoka ku sikio. Kulikuwa muganga mumoja, Mama Kavira, aliyesomea macho. Alimushona kichwa nyuzi tisa. Alipokuwa anashona, Polycarpe alikuwa anaapa. Alisema ataazima panga, ataenda ku kona ya mikaratusi, atakata ule wa koti ya manjano kama mugomba, na kama watamuua, wamuue.

“Utamukata namna gani?” Mama Kavira aliuliza, sindano ku mukono. “Si unasema haukumuona?”

“Alijificha.”

“Mu koti ya manjano?”

Mama Kavira akaweka sindano chini, akakaa mbele yake.

“Funika jicho la kuume. Angalia pua yangu. Pua tu. Vidole ngapi?”

“Vidole gani?”

“Hivi ninatikisa.”

“Mama, hautikise kitu.”

Mukamurenzi alianza kulia, juu mukono wa muganga ulikuwa pale kwa kushoto, unatikisika kama mukia wa ngombe.

Muganga alichukua kamashini ka kupimia presio ya macho, akapima jicho moja moja, akapima tena. Akaangalia ndani na taa. Alikawia. Alipoinuka hakucheka.

“La kushoto limeisha karibu lote,” alisema. “Limebaki kama kuchungulia mu kitundu cha mulizi wa muchungaji. La kuume limeanza, lakini lingali na sehemu kubwa.”

“Ni wale mbwa wamenipiga!”

“Papa, damu ya kichwa ni yao. Hii hapana. Hii ina miaka mingi. Sikiliza. Jicho la mutu wa kawaida ni duara. Lako wewe limenyoka kwenda nyuma, refu kama yai, njo maana hauone mbali bila lineti. Jicho refu hivi, mushipa wake wa nyuma ni dhaifu. Maji ya ndani yakisukuma, njo ile presio, mushipa unakufa polepole, na hausikie maumivu.”

“Lakini ninasoma! Ninasoma mpaka karatasi ya sabuni!”

“Unasoma na katikati. Moto wa shamba unaanza ku mipaka, nyumba inabaki ya mwisho.”

“Na lineti?”

“Lineti inakuonyesha mbali. Haipime presio. Ungebadilisha kumi, moto ungeendelea tu.”

Mukamurenzi aliuliza kama kila mutu wa lineti nzito anaupata huu ugonjwa.

“Hapana, mama. Wengi hawaupate. Lakini wao wako karibu nao kupita sisi, kwa hiyo wangepaswa kupimwa kila mwaka, hata wakiona muzuri.” Alimupatia Polycarpe kachupa kadogo ka dawa. “Yenye imepotea haitarudi. Tunalinda jicho la kuume. Toni moja ya kudondosha mu kila jicho, asubuhi na jioni, siku zote za maisha. Ukiacha, utakuwa kipofu kabisa. Umesikia?”

Alisikia. Nilimuona alivyoshika ile kachupa, kama mutu anayeshika kifaranga. Panga hakuliazima.

Alitumia dawa wiki kumi. Mama Kavira alikuwa anamupatia kachupa kapya kila kamoja kakiisha, na mara ya mwisho alisema presio imeshuka. Tulilima, tulikula, tukaanza kusema labda.

Kiisha vita ikapanda kilima chetu.

Ilikuja saa sita ya mchana, watu wakiwa ku mashamba. Bomu ya kwanza iliangukia kraal ya ngombe ya jirani, ngombe moja ikakimbia na matumbo inje, inayakanyaga. Jean-Luc alikatwa na panga ku mulango wake, mukono wenye kukosa kidole ukiwa ungali ku kufuli. Polycarpe alimupita bila kumuona, juu ya vile alikuwa kwa kushoto yake. Mimi nilimuona. Tulikimbia na nguo za mwilini. Mukamurenzi alibeba sufuria. Polycarpe alibeba kachupa kapya, amekafunga ku kitambaa kwenye shingo.

Tulitembea siku ine kwenda upande wa Walikale, mu njia za pori, tukiacha barabara. Asubuhi na jioni tulisimama. Mukamurenzi anafungua jicho na vidole viwili, toni moja, lingine, toni moja. Hata siku yenye risasi zilikuwa zinakata majani juu ya vichwa vyetu, alimulalisha chini nyuma ya muti, akamutia dawa, akasema, “Sasa kimbia.”

Siku ya ine, juu ya kilima kimoja mbele ya kufika kijiji cha Ntoto, tulikuta bariyeri ingine. Watu sita. Si wale wa kwetu, lakini mikono ilikuwa ileile. Walichukua sufuria. Walichukua viatu. Mzee mumoja aliyekuwa mbele yetu alichelewa kuvua koti, wakamupiga risasi ku goti, wakavua wenyewe.

Aliyetusaka mwilini alikuwa kijana wa miaka kama makumi mbili. Wenzake walimuita Kipofu.

“Kipofu, angalia muzuri, usisake muti!”

“Muache, jana alikosa ngombe kwa hatua makumi mbili! Ngombe ilibaki inamuhurumia!”

Kijana hakucheka. Alikata kitambaa ku shingo ya Polycarpe, akatoa kachupa, akakaleta mpaka kakagusa pua yake, njo akasoma.

“Dawa ya nini?”

“Ya macho, kaka.”

“Macho yangu yananiuma,” kijana alisema, akataka kutia kachupa mu mufuko wake.

Hapo Polycarpe alifanya kitu chenye sikumuona akifanya hata siku moja. Alimukamata mukono. Alikuwa ameacha chukudu ivunjwe, ameacha nyumba, ameacha viatu, lakini ile mukono hakuiachilia. Walimupiga. Mumoja alimuingiza kisu ku paja, si kwa kina, ni kama mutu anayeonja kiazi kama kimeiva. Hakuachilia. Mukamurenzi alikuwa anapiga kelele, “Muachilie, bwana, muachilie, watakuua!” Nilisikia bunduki ikivutwa.

“Hii haitakusaidia!” Polycarpe alisema haraka. “Wewe hauone mbali. Si ndiyo? Unaleta kitu ku pua. Ni vile miye nilikuwa. Hii dawa haionyeshe mbali. Yenye inaonyesha mbali ni hii.”

Akatoa lineti yake ku uso. Muguu moja ya lineti ilikuwa imevunjika tangu siku ya mikaratusi, tulikuwa tumeifunga na kipande cha chambre, mupira wa ndani wa baisikeli.

“Chukua. Uniachie dawa.”

Kijana alimuangalia. Akachukua lineti, akavuta ule mupira nyuma ya sikio. Wenzake walikuwa wanangoja kucheka.

Akageuka pole pole kuelekea bonde.

“Kule ng'ambo kuko watu,” alisema.

“Watu gani?”

“Watu! Wanapanda. Kuko mama na mufuko mwekundu ku kichwa. Mama yangu weee, ninaona mpaka mufuko!” Alikuwa anacheka kama mutoto aliyepewa sukari. Akamutupia Polycarpe kachupa, bila hata kumuangalia. Kiisha akapiga goti moja chini, akaweka bunduki ku bega.

Alipiga risasi tatu.

“Nimepata! Mumeona? Nani kipofu sasa? Nani kipofu?”

Wenzake wakamupiga ku mugongo, wakiimba. Sisi wakatusukuma tupite. Bila lineti Polycarpe hakuona kitu kupita mukono wake. Mimi niliona. Kile kitu chekundu kiliruka, kiisha kikateremuka ku majani kikizunguka, na nyuma yake mama hakuinuka. Watoto wawili walikuwa wamesimama pale, hawakimbie.

“Amepiga nini?” Polycarpe aliuliza.

“Hapana kitu, papa mudogo. Mawe.”

Mu Ntoto tulipata nafasi ku nyumba ya watu wa kanisa. Kidonda cha paja kilioza kikapona. Ku soko, waliotoka upande ule wa bonde walianza kueleza. Walisema mama mumoja aliuawa na risasi yenye ilitoka mbali sana, hawaelewe ilitoka wapi, alikuwa na mufuko mwekundu. Polycarpe alikuwa amekaa pale. Ana masikio mazuri.

Aliniita nyuma ya nyumba. “Yalikuwa mawe?”

Niliangalia chini. Ilimutosha.

Jioni ile alikataa dawa. Asubuhi pia. Siku tatu. Alikuwa anakaa ku ukuta, anasema na mutu asiyekuwa pale. “Niliuza,” anasema. “Nilimuuzia macho.” Mukamurenzi alimubembeleza, alimupikia, alimuombea. Siku ya tatu alisimama juu yake na kachupa.

“Lala.”

“Acha, mama.”

“Lala, nimesema!”

Alimusukuma, mutu muzima, akamukalia juu ya kifua. Polycarpe alimupiga kofi. Ilikuwa mara ya kwanza mu ndoa yao. Mukamurenzi alimurudishia mbili, na damu ikimutoka ku mudomo alimushika kope za jicho la kuume akazifungua kwa nguvu.

“Ule mama amekufa. Utamulipa na jicho? Atakuja kulichukua? Sema, atakuja? Yeye aliyemuua iko na bunduki, iko na lineti yako, iko anakula leo! Wewe uko na hii tu. Ukiwa kipofu, nani atasema vile ilikuwa? Nani?”

Toni ikaanguka. Sijui kama maji yenye ilitoka mu lile jicho yalikuwa dawa tu.

Tangu siku ile hakukataa tena. Watu wa macho walipita Ntoto mara moja, wakamupima. La kushoto ni giza sasa. La kuume lingali. Walimupa chupa zingine za dawa na lineti ingine. Lineti alikaa nayo ku mukono siku mingi mbele ya kuivaa, na akiivaa haangalie mbali. Anafuma vitunga. Mutoto akipita ameleta muhindi wa kuchoma karibu na pua apate kuuona, anamuita, anamuambia aangalie pua yake, anatikisa vidole pembeni. Mama za watoto wanafikiri ni muchezo. Anawaambia, “Hapana. Mumupatie lineti, lakini kwanza apimwe presio. Muniangalie miye.”

Na mimi kila asubuhi ninasimama kwa kuume yake, ninatikisa mukono.

“Vidole ngapi?”

“Tatu.”

Kiisha ananiuliza, kila asubuhi, kama mutu anayeuliza bei ya chumvi, “Mufuko ulikuwa wa rangi gani?”

“Mwekundu, papa mudogo.”

Anainua kichwa nyuma, anafungua jicho mwenyewe, anangoja toni.